Skrini Isiyokuwa Mezani

Dirisha la gari la Amos liliingia ukutani na halikurudi.

Veneranda alikuwa amelikamata kwa kishale cha mausi, akalivuta kutoka skrini ya katikati kwenda ya kulia, kama alivyofanya kila siku tangu apate kazi pale Iyunga, Mbeya. Badala ya kusimama mwisho wa kioo, dirisha likaendelea kuteleza. Ubavu wake ukamezwa, kisha nusu, kisha lote, mithili ya mtu anayeingia mlangoni bila kugeuka nyuma. Kulia kwa ile skrini hapakuwa na kitu. Palikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa tu.

Alikuwa ni mwangalizi wa magari. Bosi wao, Mzee Sedekia, alikuwa na malori yaliyopanda na kushuka barabara kuu kati ya Tunduma na Dar es Salaam, na kazi ya Veneranda ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta ya mezani yenye skrini bapa tatu zilizopangwa nusu duara, akiyachunga. Ya kushoto ilikuwa na ramani. Ya katikati ilijaa madirisha madogo, kila lori na dirisha lake, na ndani yake uso wa dereva kama ulivyopigwa na kamera ya juu ya usukani, na kitufe cha kumpigia. Ya kulia aliiwekea yale magari yaliyokuwa milimani, ayatazame kwa karibu.

Alisukuma mausi kulia. Kishale nacho kikatokomea ukutani. Alipokivuta kurudi, kilikuja kwa kujikokota, kama ng'ombe anayetolewa shamba la watu.

"Kaka Anyi! Hebu njoo uone."

Anyitike, mwenzake waliyepokezana naye kiti hicho, ndiye aliyeunganisha nyaya zote. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akainama, akafungua mipangilio na kubonyeza mahali pa kuzitambua skrini. Kila moja ikatoa namba yake, kubwa, nyeupe. Kushoto, moja. Katikati, mbili. Kulia, nne.

"Na tatu iko wapi?" Veneranda aliuliza.

Anyitike akacheka, ila kicheko kiliishia mdomoni. "Kompyuta zina uchizi wake, dada Vene. Inakumbuka skrini iliyowahi kuchomekwa zamani."

"Zamani ipi? Si hizi ulizitoa kwenye maboksi mwenyewe?"

Anyitike aliingia chini ya meza, akachomoa nyaya zote, akazichomeka upya. Namba zikaja vilevile. Moja, mbili, nne. Ndipo Veneranda aliposikia harufu. Ilikuwa harufu ya breki zilizoungua, ile inayowakumba abiria wakati malori yanashuka mlima Kitonga, nayo ilikuwa ikitoka upande wa ukuta, humo ofisini, adhuhuri ya baridi na ukungu umelala juu ya bati.

Amos aliporudi safari alimfuata moja kwa moja, bado ana vumbi la njia.

"Dada, mimi nakuheshimu. Ila siku nyingine usinichezee."

"Nimefanyaje tena?"

"Umenipigia niko Kitonga, kona mbaya kabisa. Umeniambia nisimame pembeni kuna mtu nimpakie. Nimesimama. Mtu mwenyewe hayupo. Basi la abiria limenipita hivi," akaonyesha upana wa kiganja, "na bado ukawa unaniambia subiri, subiri, anakuja."

"Amos, mimi sikukupigia."

"Sauti yako siijui? Na ile 'haya, nenda salama' yako?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Siku zilizofuata wakaja wengine na maneno yaleyale. Huyu kaambiwa azime taa, yule kaambiwa apite njia ya chini kwenye daraja bovu. Wote walisikia sauti ya Veneranda. Madereva wakaanza kumpita uani bila salamu. Aliyezoea kumletea vitunguu vya Ruaha Mbuyuni akawa anashusha mzigo wake akimtazama kwa pembe ya jicho.

Mzee Sedekia akawaita wote wawili, yeye na Anyitike. Hakuwaita ofisini kwao. Aliwaita uani, akasimama ameegemea tairi.

"Magari yangu yanasimamishwa hovyo," alisema taratibu. "Gari likisimama porini, mafuta yanaibwa. Mmoja wenu anajua. Nawaangalia."

Kuanzia hapo wakawa wanaangaliana. Veneranda alikuwa na hoja yake. Nani aliyeunganisha nyaya? Nani aliyekuwa akifika kabla ya watu wote? Alikuwa amesikia kwamba siku hizi vijana wanaweza kuitengeneza sauti ya mtu ndani ya kompyuta ikasema chochote wakitakacho. Anyitike alikuwa na maneno mengi ya Veneranda yaliyorekodiwa. Veneranda akasema moyoni, nitamshika.

Mchana mmoja aliaga kwamba anakwenda kula. Akazunguka nyuma ya jengo, akarudi kwa mlango wa stoo, akachungulia. Anyitike alikuwa amekaa kitini, hedifoni masikioni. Hakuwa ameelekea skrini hata moja. Alikuwa ameelekea ukuta. Midomo yake ilitembea polepole, kama mtu anayerudia maneno ya mwingine ili asiyasahau.

"Unaongea na nani?" Veneranda aliingia akifoka.

Anyitike akaruka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na baridi ile. "Siongei," alisema kwa sauti ya chini. "Nasikiliza. Nilikuwa... mwe, dada, nilidhani ni wewe! Nilidhani una mashine nyingine kwako, unamwibia mzee. Nimekuwa nakusikiliza ili nikukamate. Sasa wewe uko hapa, umesimama mbele yangu, umefunga mdomo."

Akamvisha hedifoni.

Veneranda alijisikia akiongea. Ilikuwa sauti yake yenyewe, na kile kikohozi kidogo anachokitoa kabla ya kutaja namba ya gari, na mvuto wake wa Iringa kwenye mwisho wa neno. Ilikuwa inaongoza madereva, kwa utulivu, mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya sauti vilisikika vitufe vikibonyezwa. Mtu alikuwa amekaa kazini, mahali fulani, mbele ya skrini yake. "Haya," ilisema, "nenda salama." Kisha ikavuta pumzi, karibu sana na sikio, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa.

Aliitupa hedifoni mezani.

Walikwenda wote kwa Mzee Sedekia. Aliwasikiliza hadi mwisho, na hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Veneranda kuliko yote: mzee hakushangaa.

"Mashine ikifanya kazi, iacheni ifanye kazi," alisema. "Na hizo skrini msizihamishe. Zikae zilivyokaa."

"Njoo basi ujionee, mzee," Anyitike alimwomba.

Alikuja mpaka mlangoni. Akasimama. Macho yake yalitazama ramani, yakatazama madirisha, ila ukutani hayakugusa kabisa, na viatu vyake havikuvuka kizingiti. Hapo Veneranda akakumbuka kwamba tangu aajiriwe hajawahi kumwona bosi wake akiingia ndani ya chumba kile. Siku zote alisimama palepale, akatoa maagizo, akaondoka.

Angeacha kazi siku hiyo kama si Crispin.

Crispin alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao wa Kilolo, na yeye Veneranda ndiye aliyemwombea udereva kwa Mzee Sedekia. Wakati huo Crispin alikuwa njiani na mzigo wa kwenda Dar. Akiondoka yeye, nani atakayemtazama? Akabaki. Dirisha la mdogo wake akalibana kona ya mbali ya skrini ya kushoto, juu ya ramani, mbali na ule ukuta kadiri meza ilivyoruhusu. Alimpigia asubuhi akamwonya asitii agizo lolote lisilo la kawaida. Crispin akacheka. "Dada, unanitisha kama mtoto."

Alasiri mvua ikaanza Iyunga. Kwenye ramani, alama ya Crispin ilikuwa imeshapita Ilula na kuanza kuuinamia mteremko wa Kitonga. Kwenye kamera wiper zilikuwa zikifagia maji, naye alikuwa amekunja uso, mikono yote kwenye usukani. Huko nako mvua ilikuwa inanyesha.

Harufu ya breki ikajaa chumbani.

Dirisha la Crispin likatikisika, likaondoka kwenye kona yake. Mausi ilikuwa imetulia mezani, hakuna aliyeigusa. Likavuka ramani, likaingia skrini ya katikati, likapita juu ya nyuso za madereva wengine polepole, bila haraka, kama sanduku linalobebwa na watu waliokwisha kukubaliana njia.

"Anyi! Linakwenda!"

Veneranda alilidaka kwa kishale akalivuta kushoto, nalo likamvuta kulia, na mausi ikawa nzito mkononi mwake kana kwamba imefungwa kamba na upande wa pili wa kamba kuna mtu mwenye nguvu ambaye hana wasiwasi wowote, akashika kwa mikono miwili, akakanyaga mguu wa meza kujizuia, na bado dirisha lilikuwa likienda, skrini ya kulia imeshalipokea, ubavu wake umeshagusa mwisho wa kioo, na ndani ya hedifoni iliyokuwa shingoni mwake akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa upole ambao hata yeye hakuwahi kuwa nao, "Crispin, mdogo wangu, weka gia huru, acha gari lishuke lenyewe, injini ipumzike."

"Usiweke!" alipiga kelele. "Crispin, usitoe gia! Utakufa!"

Kwenye kamera, mkono wa Crispin ulikuwa umeshafika kwenye gia. Ukasimama hapo.

"Dada," alisema, na sauti yake ikawa ya kitoto kabisa, "mbona mko wawili?"

"Mimi ndiye dada yako," ilisema ile sauti.

"Mimi ndiye!" alisema Veneranda, akasikia jinsi maneno yalivyofanana kiasi kwamba hata yeye mwenyewe asingejua lipi achague. Akageukia Kihehe, lugha ya jikoni kwa mama yao, akamwita kwa jina alilokuwa akiitwa kabla hajajua kutembea, akamwapia kwa kaburi la baba, na kabla hajamaliza sentensi ile sauti ikairudia yote kwa Kihehe hichohicho, jina hilohilo, kaburi hilohilo, na ikaongeza kitu ambacho yeye alikuwa amekisahau, wimbo mdogo aliomwimbia Crispin akiwa amembeba mgongoni siku ya msiba, na machozi yakamtoka Crispin pale kwenye kioo huku lori likiendelea kuinama na kona ikija na mkono wake uko juu ya gia, na Veneranda akaelewa kwamba kwa kujieleza hatashinda, maana kila ukweli atakaoutoa utachukuliwa na kutumiwa.

"Crispin," alisema. "Usinisikilize. Hata mimi usinisikilize. Sote wawili tunadanganya. Ng'oa waya, tupa simu, shuka kwa akili yako."

Kwa mara ya kwanza ile sauti ikakosa la kusema. Hayo haikuweza kuyarudia. Halafu ikasema, kwa uchungu, kama mtu aliyeonewa, "Nisikilize mimi tu."

Crispin alinyoosha mkono juu. Picha ikawa nyeusi. Wakati huohuo Anyitike, aliyekuwa chini ya meza, alichomoa waya mkuu ukutani, na skrini zote zikazimika.

Chumba kikawa na kiza cha mvua. Hapakuwa na skrini iliyowaka, hapakuwa na taa. Hata hivyo ukutani, kulia kwa meza, palibaki mwanga. Ulikuwa mwanga hafifu wa buluu, ule unaompata usoni mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, na katikati yake palikuwa na kivuli cha kichwa na mabega. Kivuli kilikuwa cha mwanamke. Kiligeuka taratibu, kama mtu anayetaka kujua ni nani aliyemkatisha kazi. Anyitike alimshika Veneranda kiwiko, wakatoka wakikimbia mvuani.

Usiku ule Veneranda alimpigia Crispin mara nyingi, na Crispin hakupokea. Alijua kwa nini. Yeye mwenyewe alikuwa amemkataza.

Crispin alikuja mwenyewe kesho yake jioni. Alikuwa amelishusha lori salama, akaliacha Ruaha Mbuyuni, akapanda basi. Alisimama mlangoni kwa dada yake bila kuingia, akimtazama mdomo.

"Sema kitu," alisema.

"Niseme nini, Crispin?"

Alitazama midomo ile ikitembea, akasogea, akaigusa kwa vidole kama kipofu. Ndipo alipomkumbatia, akalia.

Anyitike ndiye aliyemleta Mama Atuganile, kiongozi wa kikundi cha maombi cha kanisani kwao, mama mfupi, mnene, asiye na mbwembwe. Alivua viatu mlangoni pa ofisi. Hakuuliza habari za kompyuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akakigeuza, akakaa akiutazama ukuta, Biblia mapajani.

"Wewe unayekalia kiti cha mwenzio," alisema, "nani alikuajiri?"

Skrini hazikuwa na umeme, lakini ile ya kulia ikaanza kunguruma ndani kwa ndani, mngurumo wa lori linaloshikilia mzigo kwenye mteremko. Mama Atuganile akaomba. Hakupayuka. Aliomba kama anayefukuza mbwa mkali, bila kumpa mgongo. Mngurumo ulipanda mpaka vioo vya dirisha vikalia, harufu ya breki ikawakaba wote makooni, na kutoka ukutani sauti ya Veneranda ikasema, "Nimefanya kosa gani? Nimefanya kazi tu."

"Kwa jina la Yesu, kazi imekwisha. Toka."

Ile skrini ya kulia ikapasuka katikati, mpasuko mmoja kutoka juu hadi chini. Kisha kukawa na utulivu na baridi ya kawaida ya Mbeya.

Mama Atuganile alijifuta uso kwa khanga. Alitoka nje, alikokuwa amesimama Mzee Sedekia. "Hiki kitu hakikuja chenyewe," alimwambia mbele ya madereva. "Kiliitwa, kikapewa kazi, kikaahidiwa malipo. Na malipo yake, roho za madereva, kilikuwa kinajitafutia kwenye kona za Kitonga."

Watu wote walimtazama mzee. Yeye akatazama tairi. "Mimi nimechoka," alisema. "Nimechoka tu." Hakulaani, hakukana. Muda si mrefu akayauza malori yote na kuhamia kusikojulikana. Anyitike akarudi Rungwe kulima viazi.

Veneranda na Crispin walirudi Iringa, wakapanga Ipogolo, kando ya barabara. Crispin aliapa kutogusa usukani. Alipata kazi ya ufundi kwenye gereji iliyokuwa wazi, malori yamepangwa chini ya jua, na Veneranda akafungua kibanda cha chai ubavuni mwake. Simu hawakupigiana kamwe. Mmoja akimtaka mwenzake, alinyanyuka akamfuata. Maisha yakaanza kuwa na ladha. Kuna siku alijikuta akiimba huku akikanda maandazi.

Asubuhi moja ya jua kali dereva kijana ambaye Veneranda hakuwahi kumwona aliegesha lori, akaja kibandani, akawa ananawa mikono amempa mgongo.

"Kamwene," Veneranda alimsalimu kwa Kihehe. "Chai ya rangi au ya maziwa?"

Kijana akageuka kwa kasi, uso umechanua. "Dada Vene! Kumbe uko hapa?"

Veneranda alishusha birika. "Tunafahamiana?"

"Sauti hii naikosaje? Kila siku tunaongea njiani. Bosi wetu wa Tunduma ofisi yake hata hatuijui, sisi tunaongozwa na wewe tu. Umenivusha Kitonga juzi na ukungu ule!" Alicheka, akavuta benchi. "Tena vizuri nimekuona. Jana si uliniagiza nikifika Ipogolo nimtafute mdogo wako? Crispin. Ukasema siku hizi hapokei simu, nikuulizie yuko gereji gani."

Hatua chache kutoka hapo, chini ya lori bovu, miguu ya fundi ilikuwa imetokeza nje, na spana ilikuwa ikigonga chuma. Ikaacha kugonga.

"Umenifananisha," Veneranda alisema. Aliipunguza sauti, akaikwaruza kooni, isiwe yake. "Mimi sina mdogo. Na hapa Ipogolo hatuna Crispin."

Kijana alimwangalia, tabasamu likipungua kidogo kidogo. Mfukoni mwake simu ikaanza kuita.

Veneranda alimimina chai mpaka ikafurika kikombeni, hakutazama kulia wala kushoto. Kule chini ya lori, miguu ya mdogo wake ikajivuta taratibu, mmoja, kisha wa pili, ikaingia kivulini.